Mwanangu yuko kilomita 70 tu kutoka nyumbani, na anataka nikamchukue

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Salt Lake City. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Tulikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Mwanangu wa kwanza, ambaye nakuandikia habari zake, ana miaka 19. Alizaliwa kambini, na Kiswahili ndiyo lugha aliyoanza kusema.

Tulipofika hapa, mimi na watoto tuliingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi wanawaita Wamormoni. Majirani wa kanisa hilo ndio walionishika mkono nilipokuwa sijui hata kupanda basi, na baadaye tukakuta kuna ibada ya Kiswahili. Bwana yangu hakuingia. Yeye ni Mpentekoste tangu Fizi na hajabadilika, lakini hatukuwahi kugombana kwa ajili ya dini. Mpaka mwezi huu.

Kijana alipomaliza sekondari aliomba kwenda misheni, yaani kutumwa na kanisa kuhubiri kwa miaka miwili. Mwenye kuomba hachagui nchi. Anajaza fomu, anapimwa afya na meno, anahojiwa na viongozi, kisha anasubiri jibu. Yeye moyoni alishajipangia Tanzania. Alikuwa akisema lazima watamtuma huko kwa sababu Kiswahili anacho tayari. Jibu lilipokuja tulilisoma mbele ya ndugu na marafiki, sebule imejaa. Taiwan. Ajifunze Kichina. Watu walipiga vigelegele, naye akacheka na kushukuru kila mtu, lakini tangu usiku ule sikumsikia tena akiimba bafuni kama kawaida yake.

Siku za kwanza za mafunzo alizifanya hapa nyumbani kwa kompyuta, amevaa shati jeupe na tai, wadogo zake wakipita nyuma yake na sahani. Kisha tukampeleka kituo cha mafunzo cha Provo. Shangazi, kuagana kwenyewe ni pale pale kando ya barabara. Anakuja kijana mwingine mmisionari, anachukua sanduku, mnakumbatiana, mnaondoka maana kuna gari nyingine nyuma yenu. Kutoka kwangu mpaka pale ni kilomita kama 70, na siruhusiwi kwenda kumwona.

Sasa yuko wiki ya tatu. Ananipigia kwa video siku yao ya maandalizi, ile siku moja katika wiki wanayofua nguo na kuwasiliana na nyumbani. Simu ya kwanza ilikuwa nzuri, alikuwa anataja vyakula tu. Ya pili alikaa kimya sana. Hii ya juzi alilia.

Anasema siku ni ndefu na zote zinafanana. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wana darasa asubuhi, darasa mchana, darasa jioni, na saa nne na nusu usiku taa zinazimwa. Amepewa mwenza wa huduma, kijana wa Idaho, mtoto mzuri kwa maelezo yake, lakini hawaachani kabisa. Wakila wako pamoja, wakisoma wako pamoja, na wanalala chumba kimoja na wengine wawili kwenye vitanda vya ghorofa. "Mama, hata nikitaka kulia nalilia bafuni." Hayo ndiyo maneno yake. Na darasani, wenzake watatu walisoma Kichina hapa hapa Utah tangu shule ya msingi. Wao wanaomba na kufundisha, yeye bado anatafuta sauti ya neno moja. Mtoto anayesema Kiswahili, Kibembe, Kiingereza na Kifaransa kidogo, leo ananiambia yeye ni mjinga.

Lakini si hilo lililomvunja. Kwenye jengo lake kuna darasa la Kiswahili, vijana wa Kimarekani wanaojiandaa kwenda Afrika Mashariki. Mmoja anakwenda Dar es Salaam. Walipojua kwamba Kiswahili ni chake walifurahi, wakamwomba awasaidie kutamka. Akawasaidia. Baadaye akaenda kula chakula cha jioni, akashindwa kumeza. Aliniambia, "Mama, wao wanapelekwa kwetu, mimi napelekwa wapi?" Kisha akasema, "Njoo unichukue. Ni chini ya saa moja tu."

Bwana yangu alikuwa nyuma yangu akasikia yote. Amesema Jumamosi anawasha gari, niende nisiende. Anasema kanisa ambalo mpaka 1978 halikuwapa watu weusi ukuhani lisimpangie mtoto wake pa kwenda. Kanisani nako, mama mmoja ninayemheshimu ameniambia simu hizi za kila wiki ndizo zinazomlegeza. Ati nizipunguze, nimwambie akaze moyo, kwa sababu kijana anayerudi kabla ya muda anailetea familia aibu na sisi Wakongo tutachekwa.

Nimfuate? Nimkazie? Na baba yake nimwambie nini? Silali.

Mama wa Fizi, Salt Lake City

Shangazi anajibu

Mama mpendwa,

Jumamosi msiende. Wala usimwambie mtoto akaze moyo. Bwana yako anataka kumtoa, mama wa kanisani anataka abaki, na katika yote uliyoniandikia sikuona mahali ambapo mtu amemuuliza kijana swali na kunyamaza mpaka amalize kujibu. Kazi hiyo bado haijafanywa, na ni yako.

Kituo hicho nakijua kwa kukipitia. Nilihudumu kabla ya 2019, wakati mmisionari alipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu. Mwaka mzima uliobaki ulikuwa wa barua. Februari 2019 kanisa liliruhusu wamisionari kuongea na familia zao kila wiki, na lilisema wazi kwamba linataka familia zishiriki katika safari ya watoto wao. Kwa hiyo anayekushauri upunguze simu anakupa desturi ya enzi zetu, na mimi niliyeiishi nakuambia haikumtia mtu nguvu. Tulikuwa tunajificha tu. Pokea simu zake zote.

Provo ni mahali pakubwa. Baada ya majengo mapya kufunguliwa 2017, kituo kina nafasi ya watu kama 3,700, na lugha zinazofundishwa humo zinazidi 50. Wanaokwenda kuhubiri kwa lugha yao wenyewe hukaa muda mfupi. Mafunzo ya Kichina huchukua takriban wiki tisa. Mwanao yuko ya tatu, na hiyo ndiyo wiki niliyoiona ikiwaangusha wengi, hata wale walioingia wakicheka kuliko wote. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya: beji, chumba, mkahawa wenye chakula usichoweza kukimaliza, mamia ya vijana wanaoimba wimbo mmoja kwenye ibada ya Jumanne usiku. Ikifika ya tatu upya umeisha, mwisho bado hauonekani, na ubongo umechoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiponyi.

Jambo ambalo watu wa nje hawalijui ni kwamba wanatakiwa kufundisha kwa lugha mpya tangu siku za mwanzo kabisa. Mwalimu anajifanya mtu asiyelijua kanisa, anakaa kwenye kiti kama yuko kwake, nanyi wawili mnagonga mlango na kuingia. Una maneno machache kichwani, na unatakiwa umweleze mtu huyo kwamba Mungu anampenda. Unasahau neno, unamtazama mwenza, naye amesahau. Mwalimu haingilii. Ukitoka hapo unajiona huna unalolijua duniani. Sasa mwanao anayapitia haya akiwa na wenzake waliosoma lugha hiyo miaka na miaka. Baadhi ya shule za serikali za Utah zinafundisha masomo kwa Kichina kuanzia msingi. Kujipima na watoto hao ni kujidhulumu bure, na mwambie hivyo bila kumzungusha. Mwambie pia kwamba wiki tisa hazikusudiwi kumfanya aongee kama mtu wa Taipei. Akifika Taiwan atapewa mmisionari mzoefu wa kumfundisha kazi kwa wiki 12 za mwanzo, na kusoma lugha kutaendelea kila siku. Na zile sauti za kupanda na kushuka zinazomtesa si ngeni kwa watu wa kwenu kama zilivyo kwa kijana wa Idaho. Kiswahili hakina, lakini lugha nyingi za Kongo zinazo, Lingala ikiwemo. Ikiwa sikio lake limewahi kuzoea hata nyimbo za Kinshasa, ana pa kuanzia.

Walimu wake wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young kilicho jirani, vijana waliokwisha kuhudumu kwa lugha hiyo hiyo. Wamemzidi miaka michache tu na hawajasahau maumivu ya wiki hizo. Amwendee mmoja wao amwambie waziwazi: nimebaki nyuma, nisaidie. Watoto wetu walioishi kambini wamejifunza kutoomba msaada mpaka maji yamefika shingoni, kwa sababu kambini kuomba kulimaanisha kupanga foleni na kurudi mikono mitupu. Huko aliko si hivyo, lakini hawezi kulijua mpaka ajaribu.

Kuhusu mwenza, kanuni inasema wawe mahali wanapoweza kuonana na kusikiana. Haisemi waongee muda wote. Amwambie yule kijana wa Idaho, kwa heshima, "Leo nahitaji nusu saa ya kukaa kimya," kisha wakae kwenye majani au kwenye benchi la ukumbi wa mazoezi, mmoja huku, mwingine kule. Mwenza wangu wa kwanza nami tulifika hapo baada ya kuchokana kabisa, na tangu siku hiyo tukapendana. Pengine huyo wa Idaho naye anahitaji bafu la kulilia na halipati kwa sababu mwanao yumo ndani.

Lakini hayo yote, mama, si kiini. Umeyapanga vizuri mwenyewe katika barua yako uliposema lililomvunja ni darasa la Kiswahili.

Mwanao alizaliwa Tanzania bila kuwa wa Tanzania. Aliishi katika kambi ambayo mkimbizi hatoki bila kibali, chakula kikipimwa kwa mgao. Kisha akasubiri barua ya kumrudisha nchi ile ile akiwa amevaa tai, ana sanduku lake, anatembea Dar es Salaam mtaa kwa mtaa bila kuulizwa kibali na mtu, anakaribishwa sebuleni na kusikilizwa. Hakuna aliyemwahidi hilo. Alilijenga mwenyewe, pengine kwa miaka, na siku lilipoanguka sebule ilikuwa imejaa watu wanaopiga vigelegele. Hakupata nafasi ya kulia siku hiyo, wala wiki ile ya kompyuta, wala pale kando ya barabara. Ndiyo maana linatoka sasa, na linatoka kwa jina la Kichina na kwa jina la upweke.

Kwa hiyo akipiga simu, usianze na "Mungu anajua kwa nini". Huenda yeye mwenyewe anaamini hivyo. Mwache aseme yeye. Wewe mwambie: ulitaka Tanzania, hukupata, na najua inauma. Halafu nyamaza, hata simu ikikaa muda mrefu bila mtu kusema. Muulize alikuwa anataka kuona nini huko. Muulize angemtembelea nani. Watoe wadogo zake chumbani ili aweze kulia bila kuonwa na watoto.

Usimpe tumaini la kubadilishiwa nchi. Mahali pa kutumwa hupangwa na mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, viongozi wakuu wa kanisa hilo. Hubadilishwa wakati mwingine kwa ajili ya afya au viza, lakini sijaona ikibadilishwa kwa sababu mtu anajua lugha ya kwingine. Ukimwambia "labda watakubadilishia" utamfanya akae Provo akisubiri barua ya pili, na asijifunze hata neno.

Na wale vijana wa darasa la Kiswahili? Hawajamkosea, naye hana deni kwao. Siku akiona roho inamuuma, awaambie leo hapana. Maoni yangu, hata hivyo, ni kwamba asiwaache kabisa. Katika jengo lile hiyo ndiyo nusu saa pekee ambayo yeye ndiye anayejua na wengine ndio wanaotafuta sauti. Tena yule anayekwenda Dar es Salaam atafundishwa ngeli na nyakati za vitenzi, lakini nani atamwambia kwamba mtu mzima huamkiwa shikamoo kabla ya jambo lolote, kwamba mlangoni unabisha hodi na kungoja, kwamba ukikaribishwa chakula hukatai upesi kama mwenye haraka? Mwanao anayajua hayo kwa kulelewa. Akitaka, kuna mengi yake yatakayofika Tanzania kupitia mdomo wa kijana yule. Asipotaka pia ni haki yake.

Sasa niseme jambo ambalo halisubiri siku ya maandalizi. Kuna majonzi na kuna ugonjwa. Kanisa lenyewe linawapa wamisionari kijitabu kinachopima uzito wa mawazo kwa rangi nne: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Muulize yuko rangi gani leo. Vijana hujibu swali hilo kwa urahisi kuliko "unajisikiaje". Akisema njano, ni siku nzito lakini anakwenda. Akisema machungwa, yaani amechoka na hapumziki hata akipumzishwa, aombe kuonana na washauri wa afya ya akili. Kituoni kuna zahanati na kuna wataalamu wa kazi hiyo, na kwenda kwao hakumpunguzii imani yake hata kidogo. Akisema nyekundu, au akikuambia halali usiku kadhaa, hali chakula, anashikwa na hofu hata anashindwa kupumua, au hataki kuishi, usingoje wiki. Mpigie rais wa tawi lenu, yaani kiongozi wa kusanyiko lenu la kanisa, saa hiyo hiyo awafikie viongozi wa kituo, na kumbuka Marekani nzima namba 988 hujibiwa usiku na mchana kwa mtu aliye hatarini au kwa mzazi asiyejua la kufanya. Umesema alishindwa kumeza chakula siku moja. Muulize kama anakula sasa. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine yote.

Nikirudi kwa baba yake. Alilosema juu ya 1978 ni kweli, usimpinge. Mpaka Juni ya mwaka huo wanaume weusi hawakupewa ukuhani katika kanisa hilo, na waumini weusi, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa ibada kuu za hekaluni. Kanisa lenyewe, katika maelezo liliyoyatoa mwishoni mwa 2013, lilizikataa sababu za zamani zilizokuwa zikitolewa kuhalalisha jambo hilo. Baba wa mtoto mweusi ana haki ya kuliuliza, na mwanao akiwa mtu mzima lazima naye alijue vizuri, maana hata Taiwan anaweza kuulizwa. Kaeni mzungumze, ikibidi usiku mzima. Ila mwombe bwana yako asilitumie sasa kumvuta mtoto aliyeelemewa. Kijana hakusema anataka kurudi kwa sababu ya 1978. Akirudi kwa hoja ya baba yake, atakuwa amebeba uamuzi wa mtu mwingine, na siku moja atamrudishia baba lawama zake.

Tena baba huyo mmemwacha nyuma ya simu. Alisikia akiwa amesimama mgongoni kwako. Mweke mbele ya kamera. Hakuna kanuni inayosema simu ni ya waumini peke yao. Aongee na mwanawe kwa Kibembe, habari za nyumbani, za kazini, za mpira, za ndugu walio Fizi. Mmisionari anaitwa kwa jina la ukoo tu. Ndilo lililoandikwa kwenye ile beji nyeusi kifuani. Jina hilo ni la baba. Nadhani hasira yake ya Jumamosi ina uchungu wa kuona kila kitu kimeamuliwa bila yeye, na pengine akipata nafasi yake kwenye simu, ufunguo wa gari utakaa mezani.

Pia mwambie hivi, ili atulie: mtoto wenu hajafungwa. Ana miaka 19, alikwenda kwa hiari, na akiamua kurudi atarudi. Ataongea na rais wa tawi lake pale kituoni, viongozi wenu wa Salt Lake watajulishwa, na mtaambiwa siku ya kumpokea. Hakuna haja ya kwenda kumchukua kama mnamwokoa. Nawaomba tu asiamue siku aliyolia. Aonane na mwalimu, aonane na mshauri, aongee na baba yake, alale, ale, kisha aseme. Na kama atasema narudi, mpokeeni mlangoni kama mnavyompokea mtoto aliyetoka safari, na baba aendeshe gari hilo kwa raha. Kuna pia huduma ambayo kijana anaifanya akiishi kwenu, katika maghala ya chakula, hospitali au mashirika ya kusaidia wageni, na wengi waliotoka misheni mapema wamehamia huko bila kupoteza kitu. Salt Lake imejaa familia zinazofika zikiwa hazijui kupanda basi, kama ulivyokuwa wewe. Anayejua Kiswahili, Kibembe na Kiingereza hakosi kazi ya kufanya hapo.

Mama wa kanisani aliyekutajia aibu, mjibu kwa upole lakini mjibu. Mwambie kwamba umemzaa mtoto huyu kambini, umemvusha bahari, na watu wakicheka watacheka wewe ukiwa naye mezani. Wakongo wa Salt Lake wameyaona mazito kuliko kijana kurudi nyumbani baada ya wiki tatu. Wengi wao hawatacheka kabisa. Watakuja na sufuria ya sombe.

Wakati unasubiri simu ijayo, tumia mikono yako. Wamisionari wanapokea barua na vifurushi pale kituoni. Mwandikie barua kwa Kiswahili, kwa kalamu, mambo ya kawaida tu: nani kaja, nani kaugua, mdogo wake kafanya nini shuleni. Baba aongeze mistari yake kwa Kibembe chini. Kaanga mandazi, mengi, yatoshe darasa lake la Kichina na lile la Kiswahili, yapoe kabisa kabla ya kuyafunga ili yasiote ukungu njiani. Andika juu ya boksi jina lake la ukoo na jina la misheni yake kwa herufi kubwa, maana wamisionari wa kituo kile ni wengi, na liposti mapema wiki hii.